Naomba ushauri: Basic au Digest kwenye Apache?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Arusha, nasimamia seva ya ofisi ndogo ya utalii: Ubuntu, na Apache 2.4 (programu inayotoa kurasa za tovuti). Folda ya bei za mawakala nataka isifunguke bila jina na nywila.

Apache ina njia mbili za kuuliza hivyo: Basic na Digest. Kaka mmoja kanishauri Digest, maana Basic inapeleka nywila kwa base64 (maandishi yaliyogeuzwa tu, si kufichwa), na hiyo yeyote anaifumbua. Mwingine anasema Digest imepitwa na wakati, inategemea MD5, mbinu ya zamani ya kuficha nywila ambayo si imara tena. Bora Basic juu ya HTTPS (mawasiliano yaliyosimbwa), nywila zitengenezwe kwa htpasswd -B, amri ya Apache inayozihifadhi kwa bcrypt, mbinu imara zaidi. Wote wanajiamini kweli kweli, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui kazi.

Nimemfuata wa pili. Kwenye .htaccess (faili la mipangilio linalokaa ndani ya folda yenyewe) nimeweka AuthType Basic, AuthName, AuthUserFile na Require valid-user; faili la nywila liko nje ya /var/www. Nimewasha upya Apache, ukurasa unafunguka tu, hauulizi kitu. error.log, faili la makosa la Apache, kimya. Kwenye apache2.conf, faili kuu la mipangilio, naona AllowOverride None, yaani .htaccess zisisomwe, nahisi mchawi ni huyo.

Je, nibadili iwe AllowOverride AuthConfig (kuruhusu .htaccess kwa mambo ya nywila), au yote niyahamishie kwenye Directory ndani ya faili la tovuti kule sites-available? Na kama cheti cha HTTPS cha bure cha Let's Encrypt kipo tayari, Digest inaniongezea nini?