Kitako cha bunduki ya marehemu babu kimepasuka shingoni, naomba ushauri kabla sijashika msasa

MjukuuWaMsasi
Wakuu, salaam. Nimerithi bunduki ya kuwindia ya babu, Mauser 98 ya zamani. Kibali kimeshakuja kwa jina langu, kwa hiyo tusianzie huko. Chuma kiko vizuri kwa umri wake, mtutu hauna kutu ndani. Shida ni kitako. Mbao ni ya mjozi na sehemu inayokutana na chuma imekuwa nyeusi kama imepakwa lami. Kuna ufa unaanzia nyuma ya ule mkia wa chuma (ncha ya nyuma ya chuma inayolala kwenye mbao) unashuka shingoni, pale pembamba mkono unaposhika, kama sentimita 7. Nikishika kitako nikakikunja kidogo, ufa unafumbuka kama mdomo wa samaki. Upande wa kulia kuna mibonyeo mitatu na vanishi imebabuka.

Mwaka jana binamu yangu alitia gundi nyeupe ya mbao akafunga kamba siku mbili. Risasi ya tatu tu, ufa ukaachia. Sasa nataka kupiga msasa kitako kizima, nitie gundi kali zaidi, nimalizie na vanishi mpya. Niendelee?

Patasi
Usiendelee. Na hiyo bunduki isipigwe tena hata risasi moja mpaka shingo itengenezwe. Shingo ikikatika wakati wa kufyatua, kinachobaki mkononi ni kipande chenye ncha karibu na uso wako.

Kabla ya yote toa risasi, toa bolti (kile kipande chenye mkono unachovuta kufungua na kufunga), chungulia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na uingize kidole. Najua umeshafanya. Fanya tena.

Kigingi
Mbona mnamtisha mwenzenu? Wasasi wa zamani walikuwa wanavisha ngozi mbichi iliyolowa, wanaishona ikiwa inabana, ikikauka inakaza kama chuma. Basi, mnarudi porini.

Patasi
Kweli kabisa, na nimeziona zilizodumu miaka. Lakini ile ni bandeji. Ngozi inabana ufa, haiuungi, na jasho linakaa chini yake. Ukiwa porini siku kumi hujui pa kwenda, sawa. Huyu yuko nyumbani ana muda.

FundiMtutu
Mkuu, achana na gundi kwanza. Swali langu ni moja: kwa nini ilipasuka? Mbao ya mjozi haipasuki nyuma ya mkia kwa sababu ya uzee peke yake. Bunduki ikipiga teke, chuma kinarudi nyuma. Kinachotakiwa kupokea lile teke ni kile kidato kilicho chini ya chuma, mbele, pale skrubu ya kwanza inapoingia. Kidato kikiwa hakikai sawasawa kwenye mbao, au skrubu zikiwa zimelegea, chuma kizima kinateleza nyuma na ule mkia unageuka kabari. Unapasua shingo kama shoka linavyopasua gogo.

Fungua skrubu zote mbili za chini, toa chuma. Kwenye tundu la skrubu ya nyuma angalia kama kuna kibomba kidogo cha chuma kinachosimama ndani ya mbao. Mauser 98 ilitoka kiwandani nacho. Kazi yake ni kushika umbali kati ya chuma cha juu na cha chini, ili ukikaza skrubu usiiponde mbao. Kipo?

MjukuuWaMsasi
Nimefungua sasa hivi. Tundu ni tupu. Mbao kuzunguka tundu imebonyea kama imetafunwa, na nikiingiza ukucha unazama.

FundiMtutu
Umeshampata mwizi. Kuna mtu alifungua zamani, kibomba kikadondoka, hakukirudisha. Tangu hapo kila ukikaza, mbao inapondeka, skrubu inalegea tena, unakaza tena. Binamu yako hata angetumia gundi gani ingeachia.

Kibomba kichongwe kwenye mashine ya kerezo, kipenyo cha ndani skrubu ipite bila kukwama, urefu upimwe hivi: kikikaa, chuma cha juu na cha chini vigusane nacho, na mbao ibanwe kidogo tu. Kirefu mno, chuma kitacheza. Kifupi mno, umerudi pale pale. Hii usikadirie kwa macho.

MamaChaki
Naongeza kuhusu ule weusi, maana hapo ndipo gundi nyingi zinafia. Ule si uchafu, ni mafuta ya bunduki. Watu wanapaka mafuta mengi kisha wanasimamisha bunduki kabatini mtutu ukiwa juu, mafuta yanateremka taratibu mpaka kwenye mbao. Miaka thelathini ya hivyo, mbao inalainika na gundi haishiki. Ukishamaliza kazi, iwe unaiweka mtutu chini.

Kuyatoa: chukua unga wa chaki, changanya na asetoni uwe kama uji mzito, paka sehemu nyeusi, acha ikauke. Ile chaki nyeupe itageuka rangi ya chai ya maziwa. Ikung'ute kwa brashi, paka nyingine. Mimi kitako kimoja nilikirudia mara tisa. Unaacha pale chaki inapokauka ikabaki nyeupe. Fanya nje penye upepo, na usilete moto wala pasi karibu, asetoni haina mzaha.

Halafu ile gundi nyeupe ya binamu. Loweka kwa maji ya moto na siki kwenye ufa, uikwangue na kisu chembamba au mswaki. Isipotoka, gundi mpya itashika gundi ya zamani badala ya mbao.

MjukuuWaMsasi
Dada MamaChaki, nimekusoma. Je, msasa utaanza lini?

MamaChaki
Kaka, wewe una hamu na msasa! Pengine usianze kabisa. Angalia pale mbao inapokutana na chuma: mbao iko juu kidogo ya chuma, au zimelingana? Kiwandani huwa inaachwa juu kidogo. Ukipiga msasa pale, mbao inashuka chini ya chuma na hakuna dawa ya kuirudisha. Kitako kinaonekana kimekonda. Na zile nakshi za kushikia zenye miraba midogo, msasa ukipita mara moja zimekufa. Zioshe kwa mswaki na spiriti tu. Kama kuna mihuri au namba kwenye mbao, usiiguse.

Vanishi itoe kwa dawa ya kutolea rangi. Mibonyeo weka kitambaa chenye maji, juu yake ncha ya pasi ya moto, sekunde chache, inua, angalia. Mvuke unavimbisha nyuzi zilizobanwa zinarudi juu. Ila palipokatika nyuzi, mvuke hausaidii, hapo paache. Ni kovu la babu.

Patasi
Nakazia hapo kwenye kovu. Sasa gundi. Tumia epoksi ya kukauka polepole, ya saa 24, siyo ya dakika tano. Ile ya haraka inakauka kabla haijazama ndani ya ufa. Kabla hujachanganya, fanya zoezi kavu: funga kitako kama utakavyokifunga, uone ufa unafumba wote au kuna takataka ndani inauzuia.

Siku ya kazi, fungua ufa kwa kabari nyembamba ya plastiki, kiasi tu, usiurefushe. Pasha mbao joto kidogo na mashine ya kukaushia nywele ili epoksi iwe nyepesi, isukume ndani kwa hewa mpaka uione inatokea upande wa pili. Toa kabari. Kisha chana tyubu ya baiskeli vipande virefu, uzungushe shingoni kwa nguvu. Shingo ni mviringo, klampu inateleza, lakini mpira unabana pande zote. Epoksi inayotoka ifute kwa spiriti mapema.

Ikishakauka, toboa kwa keekee kutokea NDANI, pale chuma kinapokaa, ukate ufa kwa mshazari, uingize kijiti cha shaba nyeupe chenye mikato ya skrubu, milimita 3, kimepakwa epoksi. Viwili vinatosha. Funga utepe kwenye keekee kuonyesha kina, usije ukatokea nje. Chuma kikirudi, hakuna atakayeviona.

KimyaKingi
Huwa sichangii, ila hapa lazima. Kabla ya kurudisha chuma hakikisha epoksi IMEKAUKA, na chuma kimepakwa nta, pamoja na mikato ya skrubu. Mimi nilikuwa na haraka, nikaweka chuma jioni ile ile "kikae mahali pake". Asubuhi bunduki ilikuwa kitu kimoja. Nilikata kitako vipande na patasi ili kutoa chuma, mke wangu kasimama mlangoni ananitazama tu, haulizi kitu.

Kigingi
😂😂 Pole sana mkuu.

FundiMtutu
Na kabla hujafunga, kwangua mbao nyuma ya mkia kidogo sana ili ibaki nafasi ya unene wa karata moja au mbili kati ya mkia na mbao. Wengi huiona ile nafasi wakadhani ni kazi mbovu, wakaijaza. Iache. Ndiyo inayozuia mkia usipasue tena. Ukimaliza, peleka kwa fundi wa bunduki aangalie kidato kinakaaje, na risasi za kwanza zipigwe bunduki ikiwa imefungwa, siyo begani.

MjukuuWaMsasi
Wakuu, wiki tano zimepita, narudi na mrejesho. Chaki ilibadilika rangi mara sita, ya saba ikabaki nyeupe. Gundi ya binamu ilitoka kama utando wa vitunguu. Epoksi imeshika, vijiti viwili ndani, kibomba nimechongewa na fundi wa kerezo, alirudia mara mbili mpaka kikakaa. Sasa skrubu inafika mwisho inagonga chuma, haizami tena. Fundi wa bunduki alipaka masizi kwenye kidato, akaridhika kinagusa sawasawa. Imepigwa risasi kumi ikiwa kwenye mashine ya kufungia, nikapaka spiriti shingoni nione kama kuna mstari utakaochelewa kukauka. Hakuna.

Mibonyeo miwili imerudi, wa tatu umekataa. Ufa unaonekana bado kama uzi mweusi. Msasa sikuutumia, MamaChaki furahi. Sasa niko kwenye mafuta ya kitani yaliyochemshwa, napaka matone machache kwa kiganja na kusugua mpaka kiganja kipate joto, siku moja napaka, moja naiacha. Swali la mwisho: mpaka lini?

MamaChaki
Mpaka mbao ikatae kunywa. Kwa mjozi mkavu uliotolewa mafuta, mara kumi hadi kumi na tano. Ikibaki inanata juu, umepaka mengi, futa yote. Matambara unayofutia unayaweka wapi?

MjukuuWaMsasi
Yamerundikana kwenye ndoo pale kona ya karakana.

MamaChaki
Nenda sasa hivi katie maji kwenye hiyo ndoo. Mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto, na matambara yakiwa yamerundikana yanajiwasha yenyewe bila kiberiti. Ukishatoka huko ndipo uje uendelee kusoma.

MjukuuWaMsasi
Nimerudi. Yalikuwa yameshaanza kuwa na joto la mkono.