Naomba ushauri: mtu abebe kilo ngapi kazini bila kuumia mgongo?

Habari zenu wakuu. Nasimamia vijana wanaopakua magunia ghalani, mengi yana kilo 50, na wanayabeba kutwa nzima. Wawili wanalalamika kiuno, na mmoja ganzi inashuka hadi mguuni. Huyo ndiye ananinyima usingizi. Nimemsimamisha kubeba na kumtaka aende hospitali.

Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataja ukomo wa kilo 55 kwa mwanamume mzima. Mwongozo wa Uingereza uko chini zaidi: kilo 25 mwanamume, 16 mwanamke, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, usawa wa kiuno. Ukiuinua kutoka chini kabisa, mwanamume anabakiwa na kilo 10 tu. Kwangu mimi 55 ni nyingi mno kwa mtu anayerudia siku nzima.

Naombeni wenye uzoefu: bosi mlimshawishi vipi anunue mikokoteni, au aagize magunia ya kilo 25? Na watu wawili wakishikana gunia la 50, inatosha kweli, au migongo bado itaumia?