Naomba ushauri: wapi nitapata filamu fupi, dokumentari na katuni za maana za kuonyesha wanafunzi?

Mwalimu wa Bondeni (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha sekondari huku Korogwe. Ijumaa baada ya vipindi tuna klabu ya sinema. Ukumbi upo, projekta ya kuazima ipo, spika zinakoroma kidogo lakini zinasikika. Kinachonishinda ni cha kuonyesha. Filamu ndefu haiishi kabla wanafunzi wa kutwa hawajaondoka, na nikiikata katikati wananizomea. Kwa hiyo natafuta vitu vya dakika tano mpaka ishirini na tano: filamu fupi za hadithi, dokumentari na katuni, ila katuni zisiwe za chekechea. Hawa ni kidato cha pili na cha tatu, wakihisi wanafanywa watoto ukumbi wote unakuwa soga.

YouTube nimeshaingia. Nikiandika "filamu fupi nzuri" naletewa vichekesho, mahubiri, na zile za kutisha ambazo mtu anachomoka kabatini. Najua kazi nzuri zipo, kila mwaka nasikia fulani kapata tuzo, lakini mlango wa kuingilia siujui.

Masharti ni mawili. Bando langu ni la mwalimu (mnanielewa), na shuleni hakuna mtandao, hivyo lazima nipakue nyumbani mapema. Halafu Kiingereza chao bado kichanga, afadhali filamu isiyo na maneno mengi.

Nawasilisha.

Fundi Mitambo

Kwani YouTube imekufa? Andika "Oscar short film", utatazama mpaka ustaafu.

Binti wa Makorora

Fundi, mwenzako kasema ameshatafuta. Ukitafuta kwa maneno ya jumla unaletewa kinachobofywa sana, na filamu fupi nzuri kwa kawaida hazibofywi. Nenda pale ambapo kuna watu waliokaa, wakatazama, wakachagua.

Mwalimu, anza na nfb.ca. Hiyo ni Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, chombo cha serikali cha tangu 1939, na mwaka 2009 walifungua hazina yao mtandaoni. Maelfu ya filamu, nyingi ni bure. Ukifika usizurure, utapotea. Tafuta jina moja tu: Norman McLaren. Filamu zake nyingi hazina hata neno moja.

Tazama A Chairy Tale ya 1957. Kijana anataka kukaa asome kitabu, kiti kinakataa kukaliwa. Hadithi ndiyo hiyo, dakika kama kumi, na muziki ni wa Ravi Shankar. Kisha Neighbours ya 1952: majirani wawili wanaishi vizuri mpaka siku ua linapoota mpakani. Huku kwetu ambako mabaraza ya ardhi yamejaa kesi za mipaka hutahitaji kueleza kitu. Ila itazame kwanza mwenyewe, maana kuelekea mwisho ugomvi unawafikia wake na watoto wachanga. Kipande hicho kiliwahi kukatwa, baadaye kikarudishwa. McLaren aliwapiga picha watu wa kweli moja baada ya moja, kama anayehuisha vikaragosi, ndiyo maana wanateleza juu ya majani bila kupiga hatua. Na cha kuchekesha, ilipewa Oscar ya dokumentari fupi. Dokumentari! Sijui siku hiyo walikunywa nini.

Mkereketwa wa Eastlands

Niko Nairobi. Nakubaliana na Binti, ila mimi natumia njia ya majina zaidi kuliko tovuti. Filamu ikikupendeza, usizime majina yanapoanza kupanda. Chukua jina la mwongozaji ulitafute peke yake.

Kwa mfano Ng'endo Mukii, wa kwetu hapa Kenya. Mwaka 2012 alitoa Yellow Fever, dakika chache tu, katuni na dokumentari kwa pamoja, kuhusu kujichubua ngozi. Mfuate na utafika Kizazi Moto ya 2023, mkusanyo wa katuni kumi za Kiafrika, jina lake Kiswahili kabisa. Yeye ndiye aliyeongoza ile inayoitwa Enkai. Humo humo utakutana na Mganda Raymond Malinga, aliyefanya Herderboy. Rudi nyuma kwa Malinga, utaikuta A Kalabanda Ate My Homework, kuhusu zimwi la shuleni la Uganda linalosingiziwa daftari zisizoonekana. Wanafunzi wako watampenda huyo zimwi kwa sababu zao wenyewe.

Kizazi Moto iko Disney+, ni ya kulipia, kwa hiyo iache. Faida ya jina ni kwamba linakutoa kwenye kitu cha kulipia mpaka kwenye kazi za mwanzo za mtu, ambazo mara nyingi kaziweka wazi mwenyewe.

Na usiipite Pumzi ya Wanuri Kahiu, 2009, dakika 21 hivi. Vita vya maji vimekwisha, nje ni jangwa, watu wamefungiwa ndani na wanachuja jasho na mkojo wao wapate kunywa. Siku moja mwanamke anayeitwa Asha anatumiwa udongo wenye uhai. Maneno ni machache.

Mwalimu wa Bondeni

Asanteni sana. Yellow Fever nadhani itawasha moto, mikorogo huku ipo mpaka kwenye mabweni. Swali: nfb.ca natazama moja kwa moja mtandaoni, sivyo? Nikishaitazama nyumbani, Ijumaa naipelekaje ukumbini?

Mzee wa Flashi

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Tafuta filamu ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe, usihangaike na zile programu za kuiba video zinazokujazia virusi laptopu.

Kuna watu wa Blender, ile programu ya bure ya kutengeneza katuni, makao yao Amsterdam. Kila baada ya muda wanatoa filamu fupi kuonyesha programu yao inaweza nini: Elephants Dream 2006, Big Buck Bunny 2008, Sintel 2010, Spring 2019. Leseni yake inakuruhusu kupakua, kunakili, kuonyesha hadharani, mradi uwataje waliotengeneza. Weka kwenye flashi, mgawie na mwalimu wa shule ya jirani, hakuna wa kukuuliza.

Big Buck Bunny ni sungura bonge anayeonewa na wanyama watatu wadogo mpaka siku anachoka. Dakika kumi hivi, hakuna anayesema neno. Spring nayo haina mazungumzo na ni nzuri kupita zote kwa macho. Sintel ni binti anayemtafuta joka ambaye yeye binti ndiye aliyemlea. Ina Kiingereza kidogo, na mwisho wake si wa kuwaaga nao watoto wakacheke njiani.

Kama una kijana anayependa kuchora, mafaili ya kazi yenyewe nayo yanatolewa. Anaweza kumfungua huyo sungura kwenye kompyuta aone mifupa yake inavyopangwa.

Ukimaliza hapo nenda archive.org, hazina ya Internet Archive. Filamu za zamani zisizo na hakimiliki zipo tele, na kila moja ina mafaili ya ukubwa tofauti, chukua dogo. Gertie the Dinosaur ya Winsor McCay ni ya 1914. Waulize wanafunzi ilichorwa kwa kompyuta gani.

Karani wa Makumbusho

Mwalimu, umesema Korogwe? Basi inua macho uangalie milimani.

Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri, kulikuwa na kambi ya kutengeneza filamu. Waingereza waliiita Bantu Educational Kinema Experiment. Walipiga filamu fupi kama 35 za mafunzo: kilimo, minyoo ya safura, kuweka akiba posta. Wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, sauti ikitoka kwenye santuri. Waigizaji walikuwa watu wa huku. Yaani babu wa mwanafunzi wako huenda amepita mbele ya kamera hiyo.

Zilizosalia ni chache mno. Kuna Tropical Hookworm, ile ya safura, na African Peasant Farms, kuhusu mashamba ya Kingolwira kule Morogoro, zote za 1936. Ziangalie kwenye colonialfilm.org.uk. Katalogi hiyo ina filamu zaidi ya 6,000 za makoloni ya Uingereza, ingawa nyingi ni maelezo tu na zinazochezeka ni sehemu ndogo. Maelezo yenyewe ni mazuri: nani alipiga, nani alilipa, kwa nini.

Usizionyeshe kama burudani, zinachosha. Wengine katika filamu za kikoloni wakati ule walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka, kwa hiyo kila kitu kinakwenda polepole kama unafundishwa kutembea. Mimi ningeweka kipande cha katikati ya hiyo ya safura, nizime, niulize: nani ameshika kamera, na nani anaambiwa hajui choo? Kidato cha tatu wanasoma ukoloni kwenye Historia, hapo hutapata pa kuketi kwa ubishi.

Fundi Mitambo

Haya, naondoa kauli yangu ya YouTube. Vugiri nimepita mara nyingi sijawahi kuambiwa hili.

Mkereketwa wa Eastlands

Karani umenikumbusha mtu. Kama mwalimu anamtumia McLaren, amfuatishe na Moustapha Alassane wa Niger, mmoja wa waanzilishi wa katuni barani kwetu, aliyekwenda Kanada akajifunza kwa McLaren huyo huyo. Bon voyage, Sim ya 1966 ni rais wa jamhuri ya vyura anayefunga safari rasmi. Watoto watacheka vyura, walimu watacheka kitu kingine.

Binti wa Makorora

Hahaha, mkuu wa shule asiwepo siku hiyo.

Kwa dokumentari, mwalimu, gazeti la New York Times lina mfululizo uitwao Op-Docs tangu 2011. Humo imo The Queen of Basketball, dakika 22, kuhusu Lusia Harris, mwanamke aliyefunga kikapu cha kwanza cha mpira wa kikapu wa wanawake Olimpiki, Montreal 1976. Ilishinda Oscar 2022. Ni bibi anaongea kwa furaha mbele ya kamera, basi, na huwezi kumwacha. Kiingereza kipo kingi, itabidi usimame pembeni utafsiri kama Lufufu enzi za mabanda ya video.

Ukitaka kuchimba mwenyewe baadaye, kuna Short of the Week, wanachagua tangu 2007 na unaweza kutafuta kwa nchi au mada, na Vimeo Staff Picks, ambako wafanyakazi wanachagua kwa macho yao. Vimeo baadhi ya wenye filamu wanaweka kitufe cha kupakua, wengine hawaweki. Asiyeweka mwandikie. Watengenezaji wa filamu fupi wanajibu barua kuliko unavyodhani, hasa ukisema ni shule.

Wakili wa Mtaani

Nipige breki kidogo. Filamu kuwa bure mtandaoni maana yake ni bure kwako kutazama. Kuonyesha ukumbini ni jambo jingine. Za Blender hazina neno, za nfb.ca waandikie. Na siku mkialika wazazi mkatoza hata mia tano ya kuchangia projekta, hilo ni onyesho la hadhara, Bodi ya Filamu ina la kusema chini ya sheria ya 1976. Waulize kabla hujabandika tangazo.

Mwalimu wa Bondeni

Wakuu, nimeshajaza daftari. Mpango wangu: wiki hii Big Buck Bunny na Spring, zipo kwenye flashi tayari. McLaren na Yellow Fever nimewaandikia wenyewe leo hii. Ya Vugiri nitakaa kwanza na mwalimu wa Historia, amesisimka kuliko mimi.

Moja la mwisho: Sintel naweza kuiwekea maandishi ya Kiswahili chini?

Mzee wa Flashi

Unaweza. Pakua faili lake la maandishi la .srt, lifungue kwa Notepad, acha namba za muda kama zilivyo, badilisha maneno tu. Lihifadhi kwa jina lile lile la filamu, liwe kwenye folda moja nayo, VLC italisoma yenyewe. Mistari ni michache, jioni moja unamaliza.

Binti wa Makorora

Ukimaliza lipandishe hapa tulikague kabla ya Ijumaa. Na hilo joka usiliite nyoka, tafadhali.