Kuja Dodoma Oktoba na watoto: jua, joto na mwili uliozoea baridi

Kutoka: Aberdeen, Uskochi

Ndugu zangu, mbukwenyi.

Tunakuja nyumbani mwishoni mwa Oktoba, mimi, mume wangu na watoto. Mkubwa ana miaka saba, mdogo miezi mitano. Tutafikia kwa wazazi, Nkuhungu. Safari iliyopita kichwa kiliniuma tangu nilipofika, usingizi sikuupata, na nikawa mkali kwa kila mtu hadi mama akaniuliza faragha kama nina matatizo kwenye ndoa. Nadhani lilikuwa joto tu. Nyumba ni ya bati, haina dari. Mume wangu anatumia insulini, dawa ya kisukari inayotakiwa kuwekwa penye ubaridi, na umeme unakatika. Nimezaliwa hapo, lakini safari hii naogopa. Mwenye uzoefu anisaidie.

Kutoka: Nkuhungu, Dodoma

Mdogo wangu, karibuni sana, na umefanya vizuri kuuliza mapema.

Mimi ni muuguzi hapa mjini. Kila mwaka joto linapopanda, Oktoba hadi mvua zinapokolea Desemba, tunapokea watu wa aina yako: Mgogo kabisa, kakulia Bahi au Mpwapwa, anashangaa jua la kwao limemwangusha. Kuzaliwa hapa hakukukingi. Mwili uliozoea joto huanza kutoa jasho mapema, jasho lenyewe huwa na chumvi kidogo, na majimaji ya damu huongezeka ili moyo usihangaike. Ukihamia kwenye baridi, mazoea hayo yanapotea ndani ya wiki chache. Ukirudi, mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuyajenga upya. Kwa hiyo wiki ya kwanza msipange shughuli za mchana. Wajomba watawataka Chamwino, shangazi atawataka Kongwa. Waambieni wiki ya pili. Lakini msijifungie ndani pia, maana mwili hauzoei joto usilokutana nalo. Tokeni asubuhi na jioni, mkiongeza muda kidogo kidogo.

Joto la huku si la Dar. Dar jasho linakuganda, unajua kabisa unapoteza maji. Hapa tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, upepo haukomi, jasho linakauka kabla hujaliona. Mwangalie mbeba mizigo aliyeshinda soko la Majengo na fulana nyeusi: mgongoni ina mistari myeupe ya chumvi, lakini ukiigusa ni kavu. Ndiyo maana mgeni anasema "mbona sitoki jasho" huku mkojo wake ni wa njano iliyokolea na kichwa kinagonga. Kunywa kabla kiu haijakukaba, na angalia rangi ya mkojo. Aliyeshinda juani akitoka jasho jingi, maji matupu hayamtoshi, anahitaji chumvi pia. Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Soda haihesabiki.

Na msidanganywe na kipimajoto. Nyuzi 31 au 32 si za kutisha, kinachounguza ni mionzi. Tuko nyuzi sita kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Oktoba jua la saa sita liko utosini, au karibu sana na hapo. Mwinuko nao unaongeza mionzi, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kofia pana, mikono mirefu, kitambaa chepesi. Ngozi yetu nyeusi inatukinga kiasi, macho haiyakingi.

Sasa huo ukali. Nakuamini, na ningependa mama naye aamini. Upungufu mdogo tu wa maji unatosha kuvuruga umakini na kuleta kichwa kuuma. Juu yake weka kukosa usingizi: ili ulale, mwili lazima upunguze joto lake la ndani, na chumba cha bati bila dari hakiuruhusu. Bati linapika chumba mchana kutwa, kisha kuta za tofali zinaendelea kulitoa joto hilo mpaka usiku wa manane. Wazee wetu walikaa kwenye tembe, paa la udongo mzito, mchana unaingia unahisi ubaridi. Sisi tumepata bati na feni inayozungusha hewa ya moto. Mwombe baba aweke dari japo chumba kimoja kabla hamjafika, ni pesa iliyotumika vizuri. La sivyo, mchana fungeni mapazia upande wa jua, jua likizama fungueni madirisha yote yenye wavu. Usiku wa Dodoma unapoa, uingizeni ndani. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchunguzi wa usingizi wa Wahadzabe, majirani zetu wa bonde la Eyasi. Waligundua kwamba hawalali mara jua linapozama. Wanalala kama saa tatu baadaye, usiku ukizidi kupoa, na wengi wanaamka kabla hakujapambazuka. Mwanga mwingi wanaupata asubuhi, mnamo saa tatu. Saa sita wako kivulini. Fuateni ratiba hiyo, mtoto wa miaka saba ataizoea haraka kuliko nyinyi.

Mtoto mchanga hahitaji maji, hata kama bibi atasisitiza. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe. Bibi atamvisha soksi na shali. Mvue kwa upole. Kwenye gari lililosimama juani asiachwe hata wakati mnashuka kununua zabibu barabarani. Dakika kumi tu zinapandisha joto la ndani kwa karibu nyuzi kumi.

Insulini: iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, inastahimili hadi nyuzi 30 kwa takriban wiki nne, lakini asome karatasi ya dawa yake. Umeme ukikatika, iwekeni kwenye chungu kidogo kilicho ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowana, juu kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Hewa kavu ya huku inafanya kazi hiyo vizuri mno. Ila shemeji ajue kwamba joto huiingiza insulini mwilini haraka zaidi, sukari inaweza kushuka ghafla. Kutetemeka na kutoka jasho asiseme ni jua. Apime.

Na hili nalisema kwa uzito: mtu aliye kwenye joto akianza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, kupepesuka au kuzimia, huenda joto la mwili limepita nyuzi 40. Msiseme "bado anatoka jasho". Kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, huku mkitafuta gari la hospitali. Aliyezimia asinyweshwe chochote.

Kutoka: Oulu, Finland

Dada wa Nkuhungu, asante. Mimi niongeze la kurudi huku, maana wengi wetu tunaumia huko na hatusemi.

Mwishoni mwa Desemba siku ya Oulu ina mwanga kwa saa tatu na nusu hivi. Mtu aliyekulia kwenye saa kumi na mbili za jua mwaka mzima anaanza kulala sana, anakula wanga bila kushiba, hapokei simu. Nyumbani wanasema kabadilika, au karogwa. Ni sonona ya majira ya baridi, na ilielezwa kitaalamu mwaka 1984 na daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani na kuiona kwanza kwake mwenyewe. Toka nje asubuhi hata kama kuna mawingu. Taa za ndani hazifikii hata mwanga huo. Kuna taa maalumu za luksi (kipimo cha mwanga) 10,000, nusu saa kila asubuhi. Giza likizidi moyoni, nenda kwa daktari, usione haya.

Na vitamini D. Ngozi nyeusi huitengeneza polepole, na jua la dirishani halisaidii kwa sababu kioo kinazuia mionzi inayohitajika. Uingereza wanashauri mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na sisi weusi tufikirie kuzitumia mwaka mzima. Dada wa Aberdeen, usijaribu kujaza akiba kwa kuota jua la saa sita Nkuhungu.

Kutoka: Aberdeen, Uskochi

Asanteni mno. Nimempigia baba, fundi wa dari anakuja Jumamosi. Swali moja tu: tukitua Dar asubuhi, tupande treni ya SGR ya mchana au tusubiri ya jioni?

Kutoka: Nkuhungu, Dodoma

Ya jioni. Pumzikeni Dar kwanza, mfike huku kumepoa. Nitamwambia mama asiweke sherehe ya mchana.