Tupeane uzoefu: mzee wako alikuwa mtu wa watu, unamkumbuka kwa lipi?

Habari zenu wakuu. Mzee wangu katutoka mwaka huu, na wakati tunaandaa wasifu wa marehemu kuna kitu kiliniuma sana. Karatasi imejaa tarehe tu, kazaliwa lini, kasoma wapi, kaajiriwa wapi, kaacha mjane na watoto, basi. Yule mtu aliyekuwa anaamka usiku wa manane kuwahisha mgonjwa wa jirani hospitali na gari lake bovu la kusukuma ndo liwake hayumo kabisa humo. Msibani ndo wakaanza kuja watu hata hatuwajui, kuna dada alilia kutuzidi sisi, kumbe mzee ndo alikuwa anamlipia ada sekondari yote na nyumbani hakuwahi kutamka. Kwenye droo tukakuta daftari, kurasa za mbele ni mahesabu ya kikundi cha kusaidiana alikokuwa mweka hazina, nyuma kuna majina ya watu aliowakopesha hela yake mwenyewe, mengi kayapiga mstari na pembeni kaandika "nimesamehe".

Wenye wazee wa aina hii, walio hai na waliotangulia, mnawakumbukaje na kumbukumbu zao mnazitunzaje?

*

Pole sana mkuu, Mungu ampumzishe. Mimi niseme ukweli, nilipokuwa mdogo huo utu wa watu wa baba ulikuwa unanikera. Kila jioni yuko kikaoni, ndoa ya fulani imeyumba anaitwa yeye, mpaka wa fulani una ugomvi anaitwa yeye, na sisi tunamsubiri. Ila Jumapili mchana ilikuwa yetu, anatupanga mstari anatukata kucha mmoja mmoja, na ukiwa umemkabidhi mkono wako anakuuliza wiki yako imekwendaje na hakuachii mpaka useme kitu cha maana. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba alipata nafasi ya kuhudumia watu kwa sababu mama alibeba nyumba nzima, kwa hiyo jamani tukiwasifia hawa wazee na mama zetu tuwataje kwa sauti ileile.

*

Wangu alikuwa na spana mfukoni muda wote hadi nguo za kutokea zinatoboka. Bomba la mtu likivuja hasubiri kuitwa.

*

Hayo madeni ambayo hajayapiga mstari mlifanyaje? Kwetu yalitaka kuvunja undugu.

*

Kaka alitaka tuyafuatilie, mama akakataa katakata, akasema aliyebakiza deni anajijua na baba yenu hakuwahi kumfuata mtu mlangoni. Wawili wamelipa wenyewe bila kuulizwa. Wengine tumewaachia.

*

Kwa ambao wazee wao bado wapo, warekodini sasa hivi, simu tu inatosha. Ila usimwambie "nisimulie maisha yako" maana atakujibu kwa sentensi mbili anyamaze. Muulize kitu kimoja kimoja, ugomvi gani ulikushinda kusuluhisha, nani alikusaidia ulipokuwa huna kitu, siku gani ulitaka kuacha uongozi na nini kilikurudisha. Hizo rekodi zihifadhi sehemu zaidi ya moja, simu ikiibiwa au ikifa na sauti imekwenda nayo. Picha za karatasi nazo andikeni nyuma majina ya waliomo, tumieni penseli laini bila kukandamiza, peni inaacha alama upande wa mbele na wino unaweza kuvuja ukachafua picha nyingine. Zisikae juani, rangi inapauka. Na msisubiri msiba ndo muanze kuulizana huyu wa pembeni ni nani, wanaowajua hao watu nao wanaondoka.

*

Na msimfanye malaika. Baba yangu alisaidia nusu ya mtaa lakini alikuwa na hasira za karibu, tulivyolisema hilo kwenye wasifu watu waliitikia kwa vichwa, walimtambua ni yeye.

*

Wangu yupo ila kumbukumbu zinamtoka, ya jana hana, ya zamani anayo kama yalivyo. Bado ananiuliza yule jirani aliyeanguka kwenye ngazi amepona, na huyo mtu alipona nikiwa mtoto. Namjibu kapona, anaridhika. Asubuhi anakuwa na nafuu, jioni anavurugika, kwa hiyo namrekodi asubuhi kidogo kidogo. Kuna aliyewahi kurekodi mgonjwa wa hivi? Akichanganya majina ya watu mlikuwa mnamsahihisha au mnamwacha aendelee?