Ijumaa jioni hadi Jumapili kutoka Dar: Bagamoyo, Pangani au Lushoto?

Kaka_wa_Tabata
Habari za jioni wakuu. Wikiendi ya mwisho wa mwezi huu wa saba nataka kuwatoa watu wangu nje ya Dar: mke, watoto wawili (miaka 9 na 5) na mama mzazi, ambaye magoti yanamsumbua. Gari ni IST, chini kama mnavyoijua. Ijumaa natoka kazini saa tisa alasiri, Jumatatu saa mbili asubuhi natakiwa niwe mezani.

Sitaki mbuga, wala hoteli ya kujifungia siku mbili. Nataka mji mdogo ambao unatembea kwa miguu, unasalimiana na watu, unakula wanachokula wao. Nimechuja nimebaki na mitatu hiyo hapo juu. Gesti safi inatosha. Waliofika wanipe ulinganisho wa kweli, picha za mitandaoni nimeshaziona.

Mzee_wa_Gia
Mkuu, kabla ya uzuri wa mji anza na barabara, maana ndiyo inayokula wikiendi za watu. Bagamoyo ni kama kilomita 70. Lushoto kama 370. Pangani ukipitia Segera, Muheza na Tanga mjini, weka 400.

Ukitoka Tabata Ijumaa saa tisa ukashika njia ya Kibaha, utakutana na malori yote ya nchi hii na ya majirani. Nimewahi kufika Chalinze saa mbili usiku, watoto wa watu wamelala na njaa. Siku hizi nikienda kaskazini Chalinze siigusi: napita Bunju hadi Bagamoyo, halafu lami ya Bagamoyo–Msata, kilomita 64, nakuwa nimeshaipita Chalinze kwa mbele. Malori ni machache mno. Na lile daraja la Wami la gari moja moja halitusumbui tena, jipya lilianza kutumika 2022.

Vijijini 50 ni 50. Tochi za polisi za kupima mwendo zipo, na faini elfu thelathini ni elfu thelathini, hakuna mjadala. Kwa Lushoto kwenda na kurudi, IST ikiwa na watu watano na mizigo, tenga lita 55 hadi 60.

Mpiga_Deki
Bagamoyo nayo ni safari? Hiyo ni kwenda kumsalimia mjomba na kurudi kabla chai haijapoa 😂

Bi_Kaole
Mpiga_Deki, wewe ni wale wanaokuja Jumapili saa sita, wanakula samaki, wanapiga picha mlangoni, saa kumi wako kwenye foleni ya Bunju wanasema wameshaijua Bagamoyo. Hujawahi kulala.

Kaka, mji huu ni wa asubuhi. Amka saa kumi na mbili mteremke ufukweni kwenye soko la samaki, vyombo vinapoingia. Mnada wa pale ni wa kasi, mtoto wa miaka 9 atasimama mdomo wazi. Mkitoka hapo, vitumbua na chai ya maziwa, kisha mnatembea Mji Mkongwe jua halijawa kali. Boma la Wajerumani la 1897 liko palepale, na watu wanasahau kwamba makao makuu ya koloni yalikuwa hapa mpaka 1891, walipohamia huko kwenu Dar.

Kwa ajili ya mama: ardhi ni tambarare. Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, ina kivuli cha miembe na jumba la makumbusho la kutembea polepole. Mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa hapo, baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi kuubeba kutoka bara, ukalala kabla ya kupakiwa kwenda Unguja. Magofu ya Kaole ni kama kilomita 5 kusini, gari linafika mpaka getini. Kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Watoto wangu walipenda zaidi mibuyu kuliko makaburi, ndivyo walivyo.

Kasoro zipo. Kuna vijana watakaowafuata wakijiita waongozaji. Mkimtaka mmoja, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Na Jumapili mchana ufukwe unajaa spika. Hilo siwezi kulitetea.

Shangazi_Chumbageni
Mwanangu, mimi ni wa Tanga, kwa hiyo ulitegemea niipigie debe Pangani. Nitaipigia, lakini mwisho nitakwambia usiende. Nisikilize kwanza.

Mji umekaa pale mto unapoingia baharini. Unaketi ukingoni na kikombe cha kahawa, unatazama mashua, ng'ambo ni Bweni na minazi, na hakuna anayekuuliza unasubiri nini. Nyumba za kale zipo, milango ya nakshi ipo, nyingine kuta zimeshaanza kuanguka na mbuyu mdogo umeota ndani ya chumba. Hawajaurembesha kwa ajili ya mgeni. Wapo wanaochukia hilo, mimi ndilo linalonirudisha. Mji huu ndiko ulikowashwa moto wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani 1888, na kiongozi wake Bushiri bin Salim alinyongwa hapahapa Desemba 1889. Leo ukipita mtaani unasikia nazi inakunwa tu.

Chakula: samaki wa nazi, mihogo ya nazi, wali wa nazi. Mwenye kolestro atapata tabu.

Sasa mabaya. Ufukwe wa mjini si wa kuogelea, maji ya mto yana tope. Kuoga bahari ni mpaka Ushongo, upande wa kusini wa mto. Watakwambia twende Maziwe, na ni pazuri kweli, fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, ila maji yakijaa linazama lote, kwa hiyo safari inakwenda kwa ratiba ya bupwe na bamvua, haiendi kwa ratiba ya bosi wako. Ndiyo maana nakwambia usiende safari hii. Pangani haikimbizwi. Ukifika Jumamosi saa nane umechoka na kuondoka Jumapili saa nne, utarudi Dar ukisema hapana kitu, na mimi nitaumia.

Msambaa_wa_Soni
Shangazi kaongea kiungwana, na mimi nifuate nyayo zake. Mji wa Lushoto wenyewe si mzuri. Tayari nimesema, ndugu zangu mtanisamehe. Ni barabara moja kubwa, stendi, soko, majengo machache ya enzi za Wajerumani (walipaita Wilhelmstal, jina la mfalme wao) na bodaboda. Ukishuka kwenye gari ukitegemea kadi ya posta utauliza, ndiyo hapa?

Uzuri wa Lushoto unaanza Mombo. Pale joto linachemsha ubongo, unakunja kona, na kilomita 33 zinazofuata ni kupanda tu. Vioo mnateremsha wenyewe bila kuambiana. Soni kuna maporomoko kando ya barabara, hata mama asiposhuka anayaona. Kutokea Soni kuna njia ya kwenda Vuga, yalikokuwa makao ya wafalme wa Kikilindi. Kwa IST na siku chache mlizonazo msijaribu. Mkishapumzika mjini, nendeni Irente. Gari linafika karibu na ukingo, unapiga hatua chache na dunia inaishia miguuni pako: chini kabisa Mazinde, mashamba ya mkonge, halafu nyika mpaka macho yachoke. Jirani yake kuna shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, jemu na mkate wao wenyewe. Chakula cha mchana pale, chini ya miti, ndicho ninachowapeleka wageni wangu wote.

Kwa mama: mji uko kwenye mita zaidi ya 1,300, na mwezi wa saba ndio baridi yenyewe. Sweta, soksi, na gesti ulizie maji ya moto KABLA ya kulipa. Vijia vya mlima asipande, lakini sokoni anatembea vizuri. Watu wakisikia Lushoto wanafikiria plamsi na pichi. Hizo ni za mwisho wa mwaka kuingia Januari. Sasa hivi mtakuta kabichi, karoti na viazi kwa bei ya kuchekesha.

Watoto waambieni watafute kinyonga wa pembe mbili. Wanasayansi waliita jamii yake Kinyongia, jina wamelichota kwetu bila hodi.

Mzee_wa_Gia
Msambaa umesahau kuteremka. Mwaka 2016 niliteremka hiyo barabara na gari la otomatiki, mguu kwenye breki tangu Soni kama mshamba. Karibu na Mombo pedali ikaanza kuzama, gurudumu la mbele linatoa moshi, mke wangu anasoma sala ambayo sikujua kama anaijua. Nikafanikiwa kusimama kwenye upenu wa barabara, tukakaa saa nzima tukipigwa jua.

IST yako ina 2 na L kwenye gia. Zitumie. Ukiona gari linalia kwa sauti ya injini ni sawa, ndiyo linajizuia lenyewe. Breki gusa, achia, gusa, achia. Na diski zikishika moto usizimwagie maji, zitapinda. Masika usiende huko kabisa, udongo huwa unaporomoka barabarani. Julai hii uko salama.

Nyangumi_wa_Kusini
Hakuna aliyetaja Kilwa? Magofu ya Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, msafiri Ibn Battuta alifika 1331, Bagamoyo ikiwa bado haijasikika. Kilomita 300 na ushee, lami mpaka Masoko.

Bi_Kaole
@Nyangumi_wa_Kusini heshima yako, ila kule unapanda mashua kwenda kisiwani na unatembea juani nusu siku. Mwenye magoti umweke wapi? Na Kaole yetu ilikuwepo wakati huo, usitutanie.

Nyangumi_wa_Kusini
Magoti sikuyasoma. Najiondoa polepole.

Kaka_wa_Tabata
Wakuu nawashukuru. Nimepata wazo, nisahihisheni: Ijumaa tulale Bagamoyo, Jumamosi asubuhi tuone samaki, saa tatu tushike Msata kwenda Lushoto, tulale huko, Jumapili turudi. Miji miwili kwa wikiendi moja.

Mzee_wa_Gia
Ijumaa na Jumamosi umepanga kama mtu mwenye akili, Bagamoyo inakuwa kituo na iko njiani. Jumapili umepanga kama mtu asiye na watoto. Lushoto–Dar kwa familia ni saa saba hadi nane ukiwa na bahati. Utaondoka saa mbili asubuhi ili ufike kabla ya giza, maana yake Lushoto umeiona jioni moja, tena kwa tochi. Omba Jumatatu ruhusa, au baki Bagamoyo usiku wote miwili. Katikati hakuna.

Shangazi_Chumbageni
Mwanangu, tangu juzi tunapanga magoti ya mama, baridi ya mama, kiti cha mama. Mama mwenyewe umemuuliza?

Kaka_wa_Tabata
Shangazi umenikamata. Nimemuuliza jana usiku. Kasema yeye amekaa Dar miaka arobaini, bahari anaiona kila akienda kliniki, sasa niache kumpeleka kuitazama tena. Anataka baridi. Kwa maneno yake: "Nipeleke mahali nitajifunga kitenge mara mbili." Nimeomba Jumatatu, bosi kanuna lakini kakubali.

Msambaa_wa_Soni
Mama ana akili kuliko uzi mzima huu. Karibuni.

Kaka_wa_Tabata
Mrejesho, maana najua mnapenda kuuona.

Ijumaa tulifika Bagamoyo saa kumi na mbili na nusu jioni, foleni ya Tegeta ikatunyoosha. Gesti niliyoweka nafasi kwa simu ilikuwa imeshampa mwingine chumba kimoja, tukabanana. Lakini Bi_Kaole, mnada wa samaki! Mdogo bado anaigiza dalali hapa sebuleni, jana kamuuza dada yake kwa elfu mbili mia tano. Mama alikaa kwenye gari akila kitumbua, kasema samaki anawajua.

Msata safi kabisa, tukafika Mombo saa tisa alasiri tukiwa tumesimama kula mara mbili. Pale kona inapoanza mama akaamka. Hakulala tena mpaka juu.

Mji kweli si wa kadi ya posta, na sikujali. Jumapili tulishinda Irente. Jibini watoto walilikataa, nikalila peke yangu na sijutii. Mama alisimama pale ukingoni muda mrefu kuliko sisi wote, kitenge mara mbili kama alivyosema, na cha tatu kichwani. Kinyonga hatukumwona, tuliona mjusi tukakubaliana kumwita kinyonga.

Jumatatu sokoni ndipo nilipopoteza mamlaka ya gari. Kabichi nane, karoti kiroba, viazi debe. IST ikakaa chini nyuma mpaka matuta ya vijijini nikawa nayapita kwa ubavu. Niliteremka na L mpaka Mombo, injini inalia, mke ananiuliza gari limeharibika? Nikamwambia Mzee_wa_Gia kasema ndivyo.

Tochi moja, Mkata. 58. Sina la kusema.

Mpiga_Deki
Kabichi moja nipitie nayo basi, niko Tabata pia.

Shangazi_Chumbageni
Na Pangani je?

Kaka_wa_Tabata
Desemba, shangazi. Siku nne, bila mama. Kasema tukifika tumletee nazi.