Naomba ushauri: nimealikwa Midsommar Leksand, Uswidi, nimepewa kazi ya sill

MamaNuru
Habari za humu wadau. Wakwe wametualika Leksand mkesha wa Midsommar, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi. Nimeambiwa nipeleke sill (samaki wa kuloweka kwenye siki) ya kutengeneza mwenyewe, ya watu 8, na watoto wavae mataji ya maua. Naomba vipimo. Halafu mimi situmii pombe, itakuwaje wakianza snaps, vile vikombe vidogo vya pombe kali?

Mpishi_Uppsala
Mama Nuru, mkesha huangukia Ijumaa kila mwaka, kati ya tarehe 19 na 25 Juni, kwa hiyo anza Jumatatu usiku. Nunua minofu ya sill iliyohifadhiwa kwa chumvi, gramu 800 zinatosha kwa kuwa mezani kutakuwa na vitu vingine. Iloweke kwenye maji baridi ndani ya friji usiku kucha na ubadilishe maji mara moja. Onja kipande: kama bado chumvi inakera, ongeza saa mbili.

Mchuzi wake ni 1-2-3: desilita 2 za ättika (siki kali ya Uswidi) ya 12%, desilita 4 za sukari, desilita 6 za maji. Chemsha mpaka sukari iyeyuke, tia majani 3 ya bay na punje 15 za kryddpeppar (allspice), kisha uache upoe kabisa. Wengi huharibu hapa: mchuzi wa moto huanza kumpika samaki, analegea na kumong'onyoka. Kata vipande vya sentimita 2, vipange kwenye chupa ya kioo kwa tabaka pamoja na vitunguu vyekundu 2 na karoti 1, mimina mchuzi hadi ufunike. Ikae kwenye friji siku 2 au 3.

MamaNuru
Asante sana. Chupa niliyonayo imeandikwa 24%. Ninunue nyingine?

Mpishi_Uppsala
Hapana. Chukua desilita 1 ya hiyo, changanya na desilita 1 ya maji, tayari una desilita 2 za 12%. Ukiitia bila kuipunguza haitalika.

BustaniGävle
Taji: kata vijiti laini vya mti wa björk (birch), pima kichwa cha mtoto, acha nafasi ya vidole viwili, funga kwa waya mwembamba. Maua yachumwe asubuhi, si jua la mchana, na yakae majini saa moja kabla ya kusuka. Funga vifungu vya maua 3 au 4 vyenye vikonyo vya sentimita 8 hivi, vyote vikielekea upande mmoja, kila kifungu kikifunika vikonyo vya kilichotangulia. Zungusha waya mara tatu, ukaze. Ukilegeza, yote yatapukutika kwenye ngoma ya vyura, ile ya kuruka kama chura kuzunguka nguzo ya maua, maana watoto hurukaruka kweli. Okidi za porini usiguse, zinalindwa na sheria.

Shemeji_Västerås
Kuhusu snaps usiwe na wasiwasi. Mimina sharubati ya fläder (maua ya elderflower, haina pombe) kwenye glasi yako, imba nao ule wimbo mfupi, na wakisema skål (yaani "afya!") watazame machoni kabla ya kunywa na baada yake. Hicho ndicho wanachokijali. Mkitaka kuwapelekea wenyeji chupa, nunueni kabla ya Ijumaa, Systembolaget, yaani maduka ya pombe ya serikali, hufungwa mkesha wote na haifunguliwi hadi Jumatatu.

Fikeni saa ileile mliyoambiwa. Leksand nguzo ya maua husimamishwa jioni, baridi hushuka hata jua likiwepo, bebeni makoti na ya mvua pia. Mkirudi wakagueni watoto kupe: nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio.